Dumu Tupu

Mama aliyepanda gari Makere alikaa mbele yangu, amelishika tumbo juu ya kitenge. Walimwita Mama Aline. Alimweleza jirani yake wa kiti, mwalimu Loyce, kwamba alipasuliwa uvimbe, na sasa mshono umefumuka, anarudi hospitali Kasulu.

"Si walikukataza kubeba vitu, dada?"

"Walisema nitembee kila asubuhi mikono mitupu, nguvu zirudi. Nikatembea. Watu wakauliza, huyu anakwenda wapi bila jembe? Mama mkwe akasema narandaranda."

"Ungewajibu!"

"Niwajibu wangapi, mwalimu? Nikajitwika dumu tupu, nionekane naenda mtoni. Wakanyamaza."

Nilitabasamu peke yangu. Niliona ni akili nzuri kuliko mengi tuliyofundishwa chuoni.

"Sasa dumu tupu linafumuaje mshono?"

"Kwenda lilikuwa tupu. Wewe umewahi kuona mwanamke anarudi kutoka mtoni na dumu tupu?"

Mwalimu akakasirika. "Basi wakikushona tena, kaa ndani."

"Nikikaa ndani nguvu zitarudije? Na maharage atapalilia nani, wewe?"

"Mume wako yupo!"

"Ehe, yupo," alisema Mama Aline, na watu wa nyuma wakacheka.

Gari liliposimama stendi, nilimwahi nimpokee mfuko wake. Niliamini angalau hilo linawezekana.

"Acha, mwanangu," alininong'oneza. "Yule pale ni shemeji yangu, ataona."

Akauinua mwenyewe, akajitwika.