Kidole cha Valerian

Bernadeta hakukusudia kusikiliza ya watu, lakini sikio halina pazia, na wale abiria wawili wa daladala walikaa siti ya mbele yake.

"Bima wamenikatalia, mama," alisema kijana mwenye bendeji mkononi. "Mashine ya kiwandani ilinikata kidole, tangu hapo niko nyumbani, wao wanasema mbona kila asubuhi nasaini kazini."

"Unasainije na uko nyumbani?" akauliza yule mama, ambaye dakika tano nyuma hakumjua.

"Kwa alama ya kidole. Hichohicho kilichokatika. Mpaka meseji ya kiwanda naipata."

"Basi bosi wako anacho, anakibandika mwenyewe."

"Nilikizika mie, Chanika, chini ya mgomba."

"Kafukue uone kama kipo!"

"Nilifukua jana. Kipo. Ila kina grisi mbichi."

Mama akavuta kanga yake upande wa dirisha. "Hiyo ni ya siku ile ile ya ajali," akabisha, ingawa sauti yake haikubisha sana.

Gari likasimama Chang'ombe. Simu ya kijana ikalia, na Bernadeta, mwalimu mzima, akachungulia bila haya: "Karibu kazini, Valerian. Leo umewahi."