Makoti ya Zhanqian na Baridi Isiyokuja

Januari ya 1999 Guangzhou ilikuwa na joto la kushangaza. Mbu waliuma mchana kweupe, mipichi ilichanua hata Mwaka Mpya wa Kichina haujafika, na kwenye benchi la Clementina, muuza kahawa, kando ya jengo la Tianxiu, watu walikunywa kahawa wakiwa na mashati ya mikono mifupi. Theophil, ambaye kijiwe kilimwita Koti, ndiye aliyeifurahia hali hiyo kuliko wote. Alikuwa na duka Njombe, ambako baridi ya Juni haina mchezo, na roho yake yote ilikuwa kwenye makoti mazito aliyoyaona soko la Zhanqian. Juzi alitaja bei, laobani, yaani mwenye duka, akagoma, naye akaondoka bila kugeuka, angoje kuitwa. Ndivyo wanunuzi wafanyavyo. Ila baada ya sikukuu maduka yale yangejaa nguo nyepesi za kiangazi, na koti usingeliona tena mpaka Oktoba.

— Hajakuita tu? aliuliza Clementina akimmiminia.

— Ataita. Namba ya peja yangu anayo. Nani atamnunulia koti na joto hili? Juzi nilimwendea na kaptula makusudi, ajionee mwenyewe!

Augustin, mfanyabiashara wa Lubumbashi waliyemwita Satelaiti kwa kujua kila kitu, alikohoa kidogo.

— Mon frère, baridi haiji tena. Cherehani za viwandani zinapumua moto usiku na mchana.

— Wapi! Ni viyoyozi, alisema Clementina. Kila nyumba inatupa joto lake nje. Litakwenda wapi?

— Nyie, ni sisi, alisema Theophil. Kila ndege ikitua uwanja wa Baiyun wanafungua mlango, joto la Dar linamwagika.

— Voilà! alidakia Augustin. Mwakani watalima mihogo hapa.

— Na mimi nauza maji ya madafu, kahawa basi!

— Na laobani atakubembeleza uyabebe makoti bure, Koti.

Walicheka mpaka wapita njia wakageuka. Theophil alikunja nne, akajisikia tajiri.

Odilia, mgeni aliyeshuka kwenye ndege asubuhi ile, sweta kalifunga kiunoni, alikuwa akiwasikiliza tangu mwanzo.

— Samahani, kaka Theophil. Hayo makoti bado yapo?

Clementina aliacha kumimina. Augustin alichungulia kikombe chake. Tangu juzi hakuna aliyekanyaga kule, maana anayerudi kuchungulia kaonyesha shida yake. Theophil alishusha mguu: kwa joto hili, laobani huenda keshayaondoa makoti mapema akatundika nguo za kiangazi.

— Ukirudi mwenyewe, bei yako imekufa, alionya Augustin.

— Na ife.

Theophil aliondoka taratibu, mikono mfukoni, asije akaonekana mnunuzi mwenye haraka. Alipokata kona, wakamsikia anakimbia.