Pampu ya Zamani ya Fundi Absalom

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko kwa gari, egesha kando kidogo, uzime injini. Sasa fungua swichi tu, usipige stata. Nyamaza. Umesikia kitu kinanguruma polepole huko nyuma, kama nyuki aliyefungiwa kwa kopo? Hiyo ni pampu ya petroli. Na mtu aliyefundisha nusu ya Ruiru kuisikiliza ndiye tunayemkumbuka leo.

Fundi Absalom Muoki. Gereji yake ilikuwa Ruiru, ukielekea Mugutha. Alizaliwa Gatuanyaga, na huko Gatuanyaga ndiko tulikomzika Ijumaa iliyopita. Tulifika tumechelewa. Nitawaambia kwa nini, na mnisamehe nikicheka.

Kila Jumapili baada ya kanisa, Absalom alikwenda kumwona mama yake, Mama Syombua. Macho ya mama huyu yamefifia. Akisikia mlango wa gari umefungwa, anauliza, "Nani amekuleta?" Na Absalom anajibu, "Nimejileta, mama." Miaka nenda, miaka rudi, swali ni hilo na jibu ni hilo.

Kazi yake ilikuwa magari ya kasi, na hasa pampu za petroli. Lakini wasikilizaji wapendwa, sijawahi kuona muuzaji mgumu namna hiyo! Unakuja na pesa mkononi, yeye anakuuliza gari inahitaji nini. Wewe unataka nini, hiyo haimhusu.

Muulizeni Mwas, kijana wa Ruiru mwenye Subaru ya buluu. Alifika siku ya kwanza akijiamini.

"Niaje fundi. Niwekee pampu kubwa."

"Umebadilisha nini kwa injini?"

"Bado. Lakini maboyz wote wako nayo."

"Jirani yako akivunjika mguu, wewe pia unafungwa plasta?"

Akamrudisha nyumbani na pesa zake. Baadaye Mwas akaweka turbo kubwa. Sasa akiikanyaga gari pale Thika Road, inaruka vizuri, halafu inaanza kukohoa. Akarudi kwa Absalom, mdogo kama kidonge cha piritoni.

"Umeiongezea injini hewa," Absalom akamwambia, "na petroli ni ile ile. Ukiendelea hivi itajichoma. Leo pampu kubwa ni lazima."

"Ni how much?"

"Elfu kumi na nane. Orijino."

"Wueh! Si kuna za elfu nne huko mtaani?"

"Nunua hiyo ya elfu nne. Halafu uanze kuchangisha ya injini."

Mwas akalipa. Absalom akaitoa ile pampu ya zamani, ikiwa bado nzima, akaifunga kwa kipande cha leso ya Ndanu, mke wake, mama wa binti yao Dianah. Akamwambia, "Weka kwa buti. Kitu kimekufikisha nyumbani miaka yote hiyo, hukitupi." Na hivyo ndivyo alivyomwambia kila mteja. Vijana walimcheka sana. Ndanu naye ananiambia, "Leso zangu ziliisha hivyo. Nikikosa moja, najua iko kwa buti ya mtu."

Mwezi uliopita presha ilimwangusha. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Inauma, wasikilizaji. Mimi nilimpenda mtu huyu.

Basi hiyo Ijumaa, Subaru zikapanga mstari nyuma ya gari la mazishi, kutoka mochari ya Thika, polepole. Ndanu alikuwa ametoa onyo kali: hakuna kulipua silensa, ile milio ya bomba la moshi kama bunduki. Vumbi la Gatuanyaga likatupaka rangi moja, maskini na tajiri. Tulikuwa tumebakisha kilima kimoja tu, na gari la mazishi likakohoa, likazima.

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Kaburi liko wazi, na Mama Syombua ameketi anangoja mwanawe. Mtu mmoja akaleta pikapu iliyotoka kubeba mbuzi. Ndanu akaitazama, akasema, "Hapana. Baba Dianah hataingia na harufu ya mbuzi."

Mwas akapaza sauti: "Zimeni magari yote! Nyamazeni!" Tukanyamaza, mpaka pasta. Dereva akafungua swichi. Tukasikiliza. Kimya. Pampu imekufa.

Mwas akaenda kwa buti yake, akarudi na kitu kimefungwa kwa leso.

Ilikuwa ya gari lingine, ndiyo, lakini ilikaribia kutoshana na ile iliyokufa, na vijana wa Absalom si wa kushindwa na waya mbili na klipu. Shida ni kwamba kifuniko cha tanki kilikuwa chini ya jeneza. Ikabidi fundi ashushwe. Vijana wakambeba mabegani, wakitaka kumsogeza kivulini. Ndanu akawazuia. "Mwacheni hapo hapo. Huyu hakuwahi kuruhusu mtu afungue tanki bila yeye kusimama karibu."

Nilicheka, na machozi yananitoka. Wakafunga ile pampu. Dereva akafungua swichi, na sote tukaisikia: nyuki kwa kopo. Hapo ndipo silensa moja ililipuka, na Ndanu mwenyewe akapiga makofi.

Tulipofika, Mama Syombua akasikia mlango. Akainua kichwa, akauliza kwa mazoea, "Nani amemleta?"

Mwas akapiga magoti mbele yake. "Shosho, gari ilituzimikia. Tumetumia pampu aliyoitoa kwa gari yangu, akaniambia nisiitupe."

Mama akampapasa kichwa. Kisha akasema, "Basi amejileta, mwana wakwa, mwanangu."

Mama Syombua, Ndanu, Dianah, na nyinyi vijana wote wa gereji, poleni sana kutoka kwetu sote hapa studioni. Mungu awafariji. Nanyi wasikilizaji wapendwa, leo kabla ya kulala, fikirieni kitu au mtu aliyewahi kuwafikisha nyumbani, mkamsahau kwa sababu mmepata kikubwa zaidi. Dereva wa gari la mazishi ameshanunua pampu mpya. Alipotaka kumrudishia Mwas ile ya zamani, Mwas alikataa. Alimwambia, "Weka chini ya kiti," akampa na leso.