Mzee Khaemba, Aliyeosha Mabehewa Yenye Watu

Tarehe 31 Desemba 1959, Mzee Dalmas Khaemba anastaafu, baada ya miaka ishirini na minane ya kujaza injini maji katika stesheni yetu ya Nakuru. Jamani, ni dereva gani hajagombana naye? Haraka hakuijua. Injini ilikunywa mpaka ishibe, na dereva akianza kupiga filimbi, Khaemba alimuuliza kama anakwenda Kisumu au anakwenda mbinguni.

Alitoka kwao Bungoma kuja kuosha mabehewa, na hata alipokabidhiwa bomba la injini aliendelea kuyaosha, maana kazi ya mtu mwingine haikumridhisha. Siku moja mpira wa maji ulimponyoka ukamlowesha mhubiri mwenye suti mpya, aliyekuwa akingojea gari la Eldoret. Khaemba aliomba radhi, kisha akamwambia angalau sasa amebatizwa sawasawa. Mhubiri hakucheka.

Hayo huwa tunayasimulia. Liko lingine ambalo hatujalisema hadharani, na baadhi ya wanakamati wa sherehe hii ya kumuaga waliniomba nisiliandike, kwa kuwa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ingalipo. Mimi Odero, karani wa mizigo, naliandika.

Mwaka wa 1953, Wakikuyu walipoondolewa kwa nguvu mashambani huku Bonde la Ufa, gari moshi lililowabeba lilisimamishwa kwenye yadi yetu tangu asubuhi, milango imefungwa, jua linawaka. Tuliwasikia watoto wakililia maji. Ndani alikuwamo Njoki, mke wa mwenzetu Kang'ethe aliyekuwa ameshakamatwa, na mtoto mchanga mgongoni. Kuwasaidia kulikuwa kujitafutia kuwekwa kizuizini. Tuliogopa sote, tukabaki kuchungulia dirishani.

Khaemba aliuvuta mpira wake, akaanza kuosha mabehewa. Askari alipomkemea, alijibu kwa adabu kwamba behewa chafu halitoki katika yadi hii, hiyo ndiyo kazi aliyoandikiwa, na kama kuna amri nyingine basi mkubwa wa stesheni aje amwambie mwenyewe. Mkubwa hakuja. Khaemba akaelekeza maji kwenye matundu ya hewa, polepole, behewa hili kisha lile. Ikatokeza mikono yenye mikebe, mingine yenye vitambaa tu. Naye hakuacha mpaka gari likaondoka.

Kang'ethe alifia kizuizini. Wengi waliopitia hapa siku ile hatujui waliko, na uchungu wao tunao hata leo. Mwaka huu Njoki alipata ruhusa ya kurudi Nakuru, yeye na bintiye. Aliposikia kamati inasitasita, alisema ukurasa huu atausoma yeye mwenyewe, na anayetaka kumnyamazisha amfuate jukwaani.

Mzee Khaemba, sisi wenzako wa stesheni tunakushukuru, na tunakuombea mapumziko ya heri na afya njema huko Bungoma. Njoki ameniomba nimwachie maneno ya mwisho, nayo ni haya: Baba, mtoto alikunywa, na huyu hapa amesimama kando yangu.