Antonia Hhando, Aliyevipa Visanduku vya Muziki Sura Moja

Baba Paroko, wanajumuiya wenzetu, na ninyi mliotoka Sale tangu alfajiri, haya ndiyo maisha ya Antonia Clemensi Hhando kama familia inavyoyakumbuka.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 Endamarariek, mtoto wa nne wa Mzee Clemensi Hhando na Mama Penina, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha akajifunza kuchora mabango kwa fundi mmoja wa Karatu mjini, na tangu mwaka 1998 mabango mengi ya gereji, maduka na loji mnayoyapita barabara ya Ngorongoro yametoka mkononi mwake.

Tarehe 12 Oktoba 2002 alifunga ndoa na Valeriani Margwe, fundi redio, wakajaliwa watoto wawili, Hilary mwaka 2004 na Selina mwaka 2008.

Mwaka 2016 mume wake alianza kuunda visanduku vya umeme vya kutoa sauti za muziki, kimoja kikianzisha sauti, kingine kikiilainisha, kingine kikiirudia, vyote vikiunganishwa kwa nyaya, na kwa kuwa alitoboa matundu ya vitufe vya kuzungusha popote palipobaki nafasi, hakuna visanduku viwili vilivyofanana usoni.

Sikukuu ya Pentekoste, tarehe 20 Mei 2018, Tobiko Senteu, aliyekuwa akipiga visanduku hivyo katika kwaya ya Sale, alizungusha kitufe akitaka kupunguza sauti, kumbe hicho kilikuwa cha kupandisha mlio uwe mwembamba na mkali, kanisa zima likaziba masikio, kwaya ikanyamaza katikati ya wimbo, naye akarudisha visanduku vyote kumi na kimoja Karatu akisema hatapiga tena. Antonia hakumlaumu, alimkalisha, akamwomba afumbe macho na kuonyesha mkono ulikokwenda, na Tobiko akamjibu, "Mama, kwenye kile kingine sauti iko hapa."

Kuanzia siku hiyo Antonia alikaa na rula na mabamba ya alumini ya usoni mwa visanduku, akaamua kwamba kitufe cha ukubwa wa sauti kitakaa kulia chini kwenye kila kisanduku, nyaya za kuingia zitachomekwa chini na za kutoka juu, nafasi kati ya vitufe itoshe vidole vya mtu mzima, na herufi ziwe za kimo kimoja, nyeupe juu ya nyeusi. Valeriani alikataa, maana ingembidi afungue kila kisanduku na kupanga upya kila kitu ndani, hadi Antonia alipomwambia, "Baba Hilary, wewe unayajua ya ndani kwa sababu umeyatengeneza, mwenzako anakutana na uso tu."

Valeriani alivifungua vyote. Kazi ilichukua mwaka na zaidi, na Jumapili ya tarehe 25 Agosti 2019, katika kanisa lile lile, Tobiko alipiga misa nzima macho yake yakiwa kwa waimbaji, na Antonia, aliyekaa benchi la nyuma, alilia bila kujificha.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya titi, mkono wa kulia ukavimba na kukosa nguvu, hivyo brashi akamkabidhi binti yake, akimwelekeza kutoka kitandani, na bamba la kwanza la Selina alipoletewa alilipapasa kwa kidole muda mrefu, akaomba mstari mmoja tu usogezwe, kisha akasema lifungwe kwenye kisanduku. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, akiwa na miaka arobaini na mitano, familia yake ikiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kutubebea maji siku zote hizi, mafundi wenzake wa mabango, na kwaya ya Sale, ambayo leo inatuimbia kwa visanduku kumi na viwili, cha mwisho kikiwa na maandishi ya Selina.

Mama Hilary, Bwana akupumzishe kwa amani, binti yako kesho anafungua karakana yako ya mabango.