Kizuizi cha Hongera

Benchi la mbele ya saluni lina miguu mitatu na tofali, na asubuhi ile lilibeba watu wawili wenye majibu ya kila kitu: Wakili, kinyozi aliyeiona mahakama kwa nje tu, na Antena, fundi redio. Mama Birika, muuza kahawa wa kijiwe, aliwamiminia vikombe huku jicho liko kwenye simu. Aliomba nafasi chuo cha ufundi umeme, na majibu yanakuja kwa barua pepe. Asiyethibitisha kufikia leo mchana, nafasi anapewa mwingine.

— Hola, akasema. Haijaingia hata moja.

— Si ndiyo raha hiyo? Antena akajipiga kifua. Wiki iliyopita barua taka zilikumwagikia kama mchanga wa lori. Dawa za kuotesha nywele, urithi wa wajomba usiowajua. Nani kazikata?

— Wewe, kaka.

— Na nani alizikaribisha? Wakili akadakia. Wewe mwenyewe, mama. Tapeli anakuandikia "mpendwa", nawe unamjibu "asante, habari za nyumbani?"

— Mtu akikusalimu unamnyamazia? Mimi mfanyabiashara.

— Kumjibu ni kumwambia nyumba ina mtu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, umepona?

— Kujibu si kitu, Antena akasema. Mchawi ni hilo birika. Bati lake linavuta mawimbi kama dishi. Barua taka za mtaa mzima zinatua kwake. Lifunikwe kitambaa kibichi.

— Dawa ya moto ni moto. Wakili alishasimama, wembe mkononi. Mteja wake, mgeni kabisa pale kijiweni, akatoka saluni kusikiliza, kichwa kimenyolewa nusu. Tuwaandikie matapeli wote, Wakili akaendelea, kwamba wameshinda birika la dhahabu, waje kulichukua na vitambulisho. Tunawakamata kwenye foleni.

Mama Birika hakucheka. Mchana ulikuwa unakuja mbio.

— Antena, hebu nieleze. Ulizikata vipi?

— Akili tu. Kila tapeli anaanza na hongera. Hongera umeshinda, hongera umechaguliwa. Nikaweka kizuizi: barua yoyote yenye neno hongera inakwenda moja kwa moja kwenye barua taka.

— Na chuo kikikukubali, kinaanzaje? Mama Birika akauliza.

Wakili akaketi taratibu.

— Samaki mkunje angali mbichi, Antena akanong'ona, na hakuna aliyejua ana maana gani, yeye mwenyewe akiwemo.

Kidole cha Mama Birika kikashuka kwenye barua taka, kikapita dawa za nywele, kikapita wajomba marehemu, kikasimama. Hongera. Chini yake jina lake kamili, ambalo kijiweni hakuna aliyewahi kulisikia. Akathibitisha papo hapo, akathibitisha tena kwa wasiwasi, kisha akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Fundi umeme wetu! Wakili akamkumbatia mteja wake na povu lake lote.

— Ile barua sikuitupa, Antena akasema. Niliihifadhi.

— Umeihifadhi, kaka, wala sikulaumu. Ila kile kizuizi ukiondoe leo. Jumatatu naanza, kila siku asubuhi mpaka mchana.

Wakapongezana, wakagongesha vikombe. Mgeni wa nusu kichwa naye akapewa chake, akanywa, akakitazama kwa heshima.

— Kahawa tamu hii, akasema. Sasa Jumatatu anapika nani?

Wakili akamtazama Antena. Antena akatazama viatu vyake.