Njia ya Zipora ya Kwenda Korongoni

Wafiwa wenzangu, na ninyi mliotembea kutoka Haneti tangu alfajiri, poleni. Haya ni maisha ya marehemu Zipora, mke wa Matonya, kama tunavyoyajua sisi jamaa zake. Mimi Methusela ni kaka yake, nimemtangulia miaka minane. Kazi hii nimepewa kwa sababu wengine wote wanalia. Mimi nitalia baadaye.

Marehemu alizaliwa hapa Buigiri, mtoto wa tano na wa mwisho. Tarehe hakuna aliyeiandika. Mama alikuwa akisema ni wakati wa palizi, mwaka ambao baba alikwenda pwani kupeleka pembe za ndovu, na tulipohesabu tuliona ni 1880. Alikuwa mtoto wa maneno mengi na miguu isiyotulia. Mwaka 1889, Wadachi wakiwa wanajenga boma lao Mpwapwa, misafara ilituletea ndui. Ndui hiyo iliwachukua ndugu zetu watatu katika wiki mbili. Zipora ilimwacha hai, lakini ikaondoka na macho yake yote mawili.

Watu walimwambia mama, "Mkalishe ndani ya tembe, huko nje ataumia." Mama akajibu, "Huko ndani ndiko kutakakomuumiza." Akamtoa nje siku hiyo hiyo, akaanza kumfundisha njia ya korongoni, tunakochota maji na kuchimba udongo wa vyungu. Kwenda, upepo uwe shavu la kulia. Kurudi, la kushoto. Miguu ikigusa mawe mawili, pinda. Ukifika kwenye kichuguu, kipapase, pita upande wake wa chini. Penye kisiki cha mgunga simama, maana mbele yako ni ukingo. Zipora aliumia, tena mara nyingi. Magoti yake yalikuwa na makovu mengi kuliko ya mchungaji yeyote wa mbuzi. Lakini kabla ya mwaka kwisha alikuwa anakwenda peke yake na kurudi peke yake, na mtu akimshika mkono alikuwa anauchomoa.

Kusoma kwa herufi hakupata. Hata hivyo nilipoanza kufundisha darasa la wasomaji kanisani alikuwa anakaa nyuma, udongo wake mapajani, akifinyanga na kusikiliza. Katika miaka miwili alikuwa ameishika Injili ya Marko yote kichwani. Nikiruka mstari alikuwa anakohoa, na wanafunzi wote walijua kikohozi kile kilikuwa cha nani.

Kwa kazi marehemu alikuwa mfinyanzi. Chungu alikigonga kwa kidole, akakwambia ufa uko wapi kabla wewe mwenye macho hujauona. Reli ilipopita katika nchi yetu mwaka 1910, vibarua walikuwa wanatuma watu huku kuulizia vyungu vya yule mama asiyeona, kwa sababu havikuvuja.

Sasa nifike mahali ambapo marehemu aliniomba niparuke, nami nimemkatalia. Septemba 1903 nilirudi kutoka masomoni, moyo umejaa hamu ya kutenda mema. Nikaona aibu kwamba dada yangu kipofu anapita kwenye njia yenye mawe na visiki. Nikawakusanya jamaa. Tukayaviringisha mawe mawili mbali, tukang'oa kisiki, kichuguu tukakisawazisha, kisha tukafagia njia ikawa laini kama kiganja. Sikumwambia, maana nilitaka iwe zawadi. Wahenga walisema tenda wema wende zako, nami nikatenda wema nikaenda zangu.

Kesho yake Zipora alibeba chungu akaenda korongoni. Miguu yake ilitafuta mawe isiyakute. Akaendelea, akidhani hajafika. Njia ikaisha, miiba ikaanza, na upepo nao siku hiyo ulikuwa umetulia. Tulimtafuta siku mbili. Mimi nilikuwa nikimwita jina huku nikijua ni nani aliyempoteza.

Aliyempata ni Matonya, mfugaji wa Haneti aliyekuwa amefiwa na mke. Alisikia mtu anagonga chungu porini. Akaamkia kwa mbali, "Mbukwa!" Zipora akaitikia, kisha akamwambia, "Usinishike mkono. Tanguliza ng'ombe wenye njuga, mimi nitafuata." Ndivyo alivyofika nyumbani, nyuma ya ng'ombe, miguu imechanika, chungu kizima kichwani.

Nilipiga magoti mbele yake. Aliniambia, "Kaka, mawe yale yalikukwaza wewe. Mimi yalikuwa yananiongoza." Kisha akala ugali wake na mlenda, akalala. Asubuhi alinipeleka njiani, nikayabeba mawe kurudi nayo. Alinisimamia kama mnyapara, "Kushoto. Kidogo tena. Hapo." Kisiki tukakichimbia upya. Kichuguu mchwa walikijenga wenyewe, bila kunilaumu.

Mwaka uliofuata Matonya alileta posa. Wazee wakamwuliza kwa nini anamtaka asiyeona. Akasema, "Mtu aliyepotea siku mbili na chungu hakikuvunjika, nyumba yangu haitamshinda." Alikubali pia kuhamia huku kwetu, kwa sababu mke wake asingeiacha njia yake. Walioana Agosti 1904. Tangu hapo Zipora alikuwa akiwaambia watu kwamba mshenga wake ni mimi, ila sikutumwa. Mwaka 1906 walimpata Ruthu, na siku ya Pentekoste, 1908, mama na mtoto walibatizwa pamoja. Shemeji yangu hajabatizwa, lakini kila Jumapili alimfikisha mkewe mlangoni, akamngoja nje mpaka ibada iishe.

Jumapili, tarehe 8 Machi 1914, marehemu alinyeshewa akiwa kwenye njia ya korongoni, akashikwa na kichomi. Dawa za misheni tulimpa, na za nyumbani tulimpa. Jumanne ya wiki ya pili alizidiwa. Jumatano, tarehe 18, jua lilipokuwa linachomoza, alimwuliza Ruthu, "Mawe yapo?" Mtoto akasema, "Yapo, mama." Hakusema neno tena. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Marehemu ameacha mume, Matonya, binti, Ruthu, na kaka mmoja, ambaye ni mimi.

Jana wachimba kaburi walinijia, wakaomba kuyachukua yale mawe mawili, wayaweke hapa kichwani na miguuni pake. Lilikuwa wazo jema, nami niliwafokea. Naomba wanisamehe, na sababu wote mtaisikia sasa.

Jumapili baada ya sikukuu iliyopita ya Kuzaliwa kwa Bwana, Zipora alinivuta kando ya mlango wa kanisa. "Kaka," akasema, "leo umesoma sura nzima na hukufunua ukurasa." Nilitaka kukana, nikakiri. Ugonjwa wa vikope umeyala macho yangu. Tangu mwaka jana ninachowasomea kimetoka kichwani, nami niliona haya kuwaambia. Yeye hakunipa pole. Aliniambia nivue viatu, tuanze kesho. Siku aliyonyeshewa tulikuwa wawili. Alikuwa ananifundisha njia, na nilikuwa mwanafunzi mzito.

Karatasi hizi mbili ameziandika Yoramu, mwanafunzi wangu, akanisomea mpaka nikazishika. Ninyi mlio mbele mmeona kwamba tangu nianze sijafunua hata moja.

Mawe mawili ninayajua. Kichuguu ninakijua. Kipande cha kutoka kichuguu hadi kwenye maji alikuwa hajanifundisha. Kilichobaki nitafundishwa na kisiki alichonichimbisha mwenyewe. Ninawaomba, kwa huruma yoyote mliyo nayo kwangu, msinisafishie njia.

Mdogo wangu Zipora, pumzika katika amani ya Bwana. Mawe yapo.